Nigel wa Barking Apeleka Uji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nautangazia ulimwengu, yaani shajara hii na paka wa jirani, kwamba mimi Linus, mkazi wa Barking hapa London, leo nimekuwa Nigel, Mwingereza wa kubuni. Sababu: Jumamosi chama chetu cha Wakenya kinachagua mwenyekiti. Mpinzani wangu Hillary ameahidi kutueleza jinsi makundi ya mtandaoni yanayochukia wageni yanavyonenepa. Ana digrii. Mimi nitaingia ndani kabisa! Nimejiunga na kundi moja. Picha yangu ni mbwa aliyevaa bendera ya Uingereza.

Jumanne, 7 Oktoba
Asubuhi nikaandika kwa adabu kwamba jua limetoka. Kimya. Jioni nikalalamika kwamba basi limejaa watu waliokuja juzi. Loo! Dole gumba juu ya dole gumba. Bwana mmoja, Gary, akaniita sauti ya wananchi. Miaka yangu yote London sijawahi kuitwa hivyo. (Basi lilijaa kwa sababu yangu na gunia langu la unga.)

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimefoka kuhusu foleni, maduka na harufu ya samaki wa kukaanga kwenye ngazi. Samaki ni wangu. Mke wangu Lydia akauliza nacheka na nani. Nikasema ni utafiti. Hotuba ya Jumamosi sijaianza, wananchi wananingoja. Gary ameandika kwamba mama yake amelazwa. Wenzake wakamjibu kwa bendera. Nikamuuliza hospitali gani, wodi gani, akanitajia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mtu wa kundi lako akiuguliwa, unaenda. Nikapika uji wa wimbi, nikajaza thamosi, huyoo hospitalini. Nilipokumbuka kwamba mimi ni Nigel, tayari nilikuwa nimemshika mama mkono na kumpa pole. Gary akaingia. Akauliza mimi ni nani.

“Nigel,” nikasema.

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Mama yake akainua kikombe.

“Gary, mwache Nigel amalize kumimina.”

Kabla sijafika kituo cha treni, nilikuwa nimeshaondolewa kundini.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hillary alikuja na picha za ukutani, michoro na mishale. Mimi nilikuja mikono mitupu, nikasema ukweli: niliingia kupeleleza, na siku ya pili nikasahau nilichokuwa napeleleza. Ukiwa mpole huonekani. Ukifoka unapata ndugu. Nami nilipenda kuwa na ndugu. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakamchagua Hillary. Lydia pia, mkono juu kabisa!

Gary ameniandikia faraghani: mama anataka kujua uji ule unapikwaje. Nimemweleza.

Nimemwapia Lydia kwamba Nigel hatarudi tena. Sikusema uongo. Aliyejiunga na kundi lile jioni hii anaitwa Keith, na ameandika jambo moja tu: kuhusu hawa wenye digrii wanaotunyang'anya viti vyetu.

Wa kwanza kunipa dole gumba ni Gary.