Kisanduku Chenye Jina Langu

Jumatatu, 6 Januari
Hili sijamwambia mtu, hata mama. Kile kisanduku cha saa kwenye kompyuta ya duka la shangazi nimekitengeneza mimi. Chini ya saa kumeandikwa: "Kazi hii imefanywa na", kisha jina langu. Kwa kazi zote. Hata za mwenzangu tunayemwita Profesa.

Profesa na mimi tuko kwenye majaribio hapa, tunachapa kadi. Jumamosi shangazi atabakiza mmoja. Profesa ana mdomo. Akichapa kadi moja, mtaa mzima unajua. Mimi nikitaka kujisifu, koo linakauka. Basi kisanduku kiniseme!

Jumanne, 7
Hakisemi. Kompyuta hii hupanga madirisha ya programu kama vigae vya sakafu: yamebanana, hakuna upenyo. Kisanduku kimelala chini ya yote. Shangazi kapita mara tano, hakukiona. Alimwona Profesa, akamwita fundi kwa kadi nzuri. Ile kadi niliipanga mimi!

Jumatano, 8
Nimesoma maelezo ya kompyuta mchana kutwa. Njia ni mbili. Kukitengea ukanda pembeni, madirisha yasogee kidogo. Au kukipandisha juu ya yote, daima. Pembeni! Nimekaa pembeni miaka kumi na minane. Juu ya yote. Pembe ya chini, kulia.

Profesa akauliza hiki kidude nini. Nikasema saa. Akasema vizuri, mdogo wangu, umepata mwenzako: wote mnatazama tu watu wakipita. Maandishi ya chini hakuyaona. Profesa hasomi. Huongea.

Alhamisi, 9
Ushindi! Shangazi kasoma kisanduku kwa sauti. Kasema kumbe mtoto wa kaka yake ana mikono. Kadi yenyewe ilikuwa ya harusi, kazi ya Profesa, aliyekuwa nje anapiga soga. Shangazi sikumsahihisha. Mama wa bibi harusi akaikagua kwenye skrini, akaridhika. Zikachapwa mia mbili.

Ijumaa, 10
Balaa. Mama wa bibi harusi kaja anafoka. Kadi zinasema harusi ni Novemba iliyopita! Anauliza wageni waje au wakumbuke tu. Profesa alichukua kadi ya mteja wa zamani, akabadilisha majina, akasahau tarehe. Na jana, kwenye skrini, tarehe ilikuwa chini ya kisanduku changu.

Shangazi akauliza nani kaharibu. Kisha akatazama skrini, hakungoja jibu. Nilitaka kusema si mimi. Koo! Profesa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanyamaza.

Jumamosi, 11
Kabaki Profesa. Shangazi kaniambia damu ni nzito kuliko maji, ila kadi mia mbili ni nzito zaidi.

Nimelia. Nimenawa uso. Nimefikiri. Kosa nimeliona: kisanduku kilikuwa kidogo mno, tena pembeni. Jumatatu naanza kwa mjomba, anakochapa vyeti vya shule. Huko nitakiweka katikati, kwa herufi nyekundu.

Wewe unayesoma hapa, nakusihi, usimwambie mtu. Mjomba hasa.