Ulituomba Marekani, Ukampeleka Tuhfa Ujerumani

Nguvumali, Tanga

Mkwe wangu Abdulwakil,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mvua imetushika, nazi zimepanda bei, na mama mkwe wako anakusalimu, ingawa tangu ile picha hapendi jina lako litajwe wakati wa kula. Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye hoja mtandao wako unakatika.

Ninayo malalamiko, nayo nayatoa kwa heshima zote anazostahili mtu aliyeoa kwangu.

1. Ulipokuja na wazee wako kuniomba umchukue Tuhfa, ulitamka Marekani. Tulikuwa tunakula halua, lakini masikio yalikuwa wazi, na nilikubali Marekani. Sasa picha mnazoleta ni za Ujerumani: mapaa yaliyochongoka, maua madirishani, vibao vya maduka visivyosomeka. Tuhfa ananieleza kwamba huo ni mji wa Marekani, ila wenyeji wameamua kuupamba Kijerumani ili watu waonje Ulaya bila kuvuka bahari, na kwamba yule mpuliza tarumbeta aliye pichani, siku za kazi ni fundi bomba. Sijapata kusikia. Umeposa kwa nchi moja, ukamweka mke kwenye nyingine, tena ya bandia.

2. Katika picha hiyo ya tarumbeta na wewe umo. Umevaa kaptula ya ngozi, mapaja nje. Mama mkwe wako aliiona kabla sijaiwahi. Akaifunika simu kwa upindo wa kanga, akaniagiza niizime. Kwetu mkwe akimwona mama mkwe njiani huangalia chini. Wewe umemtumia magoti yako kwa hiari.

3. Kama haja yako ilikuwa Ujerumani, ungesema tu. Tunao hapa. Zile nyumba za Raskazone, hapa hapa Tanga ufukweni, hakuna aliyeziiga. Wajerumani walizijenga wenyewe, wakakaa humo, na babu zetu wakala viboko. Huo ndio utamaduni wa Ulaya uliokamilika. Huko mnapewa soseji na muziki, viboko vimeondolewa, kisha mnajisifu kwamba mmeionja. Ukitaka na baridi, jirani yetu Mama Bibiana, Mshambaa, ameikagua picha yenu akasema kwao Lushoto mwezi wa saba ni vilevile, isipokuwa Lushoto kuna mboga.

4. Hapa ndipo roho inaponiuma. Tuhfa ana mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza, mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake. Hata wewe ulizaliwa kwa bibi yako mzaa mama. Kwa mama hukandwa kwa maji ya moto, hunywa uji wa pilipili manga, hutunzwa mpaka arobaini iishe. Wewe umenijibu kwamba safari ni ndefu, kwa hiyo mtamtengenezea Tanga huko huko: chumba kitatandikwa mkeka, kitafukizwa udi, na mama yake atakuwa ukutani, ndani ya luninga. Abdulwakil, mwanangu hazai kwenye maonyesho. Mwacha mila ni mtumwa.

5. Ili usije ukasema atapungukiwa na alivyozoea huko, nimeanza kuigeuza nyumba. Nimepanda maua kwenye madebe nikayapanga madirishani. Mbuzi wameyala mara moja tu. Fundi Zabron nimemwagiza alichongoe paa, theluji isije ikatuelemea. Aliuliza theluji gani. Nikamwambia afanye kazi yake. Mama mkwe wako naye aliuliza kama nimeshinda juani. Nimemwomba pia mwenyekiti wa mtaa upande wetu wa barabara uitwe Ujerumani, angalau mpaka mtoto atolewe nje. Hajanijibu, ila siku hizi msikitini anaswali safu ya mbali nami.

Kwa hayo yote, naomba Tuhfa apandishwe ndege kabla tumbo halijawa kubwa watu wa ndege wakamkatalia. Wewe unaweza kubaki ukaulinda mji. Namtaka mwanangu. Nataka azae mahali ambapo akiita, mama yake ameshafika mlangoni.

Wasalimie majirani zenu wote, waliovaa na waliovaa nusu. Mama Bibiana anakusalimu, na Zabron kutoka juu ya paa anakusalimu.

Ni mimi baba mkwe wako, mwenye mapenzi na hasira kwa pamoja,

Sadalla

Tanbihi: Nimeingia chumbani kutafuta bahasha, nikamkuta mke wangu Mwanamwema anafunga sanduku. Pilipili manga imo, kanga mpya zimo, na chungu kimeviringishwa kwenye blanketi. Kumbe viza ameshapata; ile arusi ya jamaa yake Mastura aliyoniambia anaiendea Dar es Salaam ilikuwa ni safari ya ubalozini, na nyote watatu, yeye, Tuhfa na wewe, mlijua. Anaondoka keshokutwa, na barua hii ataileta yeye. Nilianza kumsomea hoja ya nne, naye akanijibu, huku anakunja nguo, kwamba desturi inataka binti ajifungulie kwa mama yake, haikusema mama awe wapi. Nimemkalia sanduku lipate kufungika. Basi, mkwe wangu, yafute yote niliyoandika. Ninalokuomba ni moja: arobaini ikiisha, Mwanamwema mpandishe ndege siku hiyo hiyo. Nyumba bila yeye siiwezi, na mfano wake hapa Tanga hatuna.