Kikao cha Kamati ya Ukavu Kwenye Kona ya Ukumbi

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Makanyagio, baada ya miaka saba ya utafiti wa kina, imejiridhisha pasipo shaka kuwa watu hutembea juu ya sakafu. Kwa kuzingatia ugunduzi huo, Idara iliagiza zege la ukumbi wake mkuu lisagwe na kuzibwa, ling'ae mpaka mgeni ajione meno. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe angekuja kuuzindua ukumbi siku ya Ijumaa, saa tano kamili asubuhi.

Kazi alipewa fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Msasa. Amesaga sakafu za maduka, za zahanati na za sebule za watu mpaka mikono yake inatetemeka hata akishika kikombe cha chai. Alikuja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mwembamba mwenye maneno ya chini chini. Kwa siku tatu mashine iliguruma na vumbi likawaingia mpaka kwenye kope. Mama Msasa hakulalamika. Alikuwa anaitaka Barua ya Kuridhika. Bila barua hiyo jina lake lingefutwa kwenye orodha ya mafundi wa serikali, na miaka yake kumi ya kupiga magoti ingekuwa imekwenda na maji.

Ijumaa saa moja asubuhi ilibaki kupaka dawa ya kuziba vitundu vya zege tu. Hapo ndipo ilipowasili Kamati ya Ukavu, yenye jukumu la kuthibitisha kuwa sakafu imekauka: Mwenyekiti, Katibu na Mjumbe, wote wamevaa viatu vipya kwa ajili ya uzinduzi.

"Dada, unaanzia wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kule mwisho, mheshimiwa. Napaka huku narudi nyuma, namalizia mlangoni, natoka zangu."

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma. "Mkurugenzi Mkuu ataingilia wapi?"

"Mlangoni."

"Basi kiitifaki mlango ndio wa kwanza. Kona itangulie, mlango ufuate? Tutaeleza nini huko juu?"

"Mheshimiwa, nikianzia mlangoni tutabaki ndani."

"Kubaki ndani ndiyo usimamizi wenyewe."

Katibu akaliandika hilo, maana lilikuwa limekaa vizuri.

"Shemeji," yule mwembamba akanong'ona, "hawa wazima kweli?"

"Wana muhuri," Mama Msasa akamjibu, akachovya brashi.

Akaanzia mlangoni. Alivyozidi kupaka, ndivyo Kamati ilivyozidi kurudi kinyumenyume, ikisifia mng'ao. Ilipofika saa tatu ukumbi mzima ulikuwa umepakwa, isipokuwa kona moja yenye ukubwa wa mkeka. Kwenye mkeka huo walisimama watu watano na ndoo moja, bega kwa bega. Mama Msasa akafungua dirisha, akamtoa shemeji yake, akatoa ndoo, akatoka na yeye.

"Wakubwa, piteni hapa. Nawashika mkono."

"Afisa huingia na kutoka kwa mlango," Mwenyekiti akasema. "Dirisha ni la hewa. Hii itakauka lini?"

"Kesho, saa kama hizi."

Wakasimama. Saa nne na nusu Mjumbe akaanza kulia polepole, kwa kuwa Mkurugenzi Mkuu huwa hachelewi, na hakuna aliyetaka kukutwa amepangwa kwenye kona kama vifaa vya deki. Mwenyekiti akahesabu watu akaona akidi imetimia, akafungua kikao. Ajenda ilikuwa moja. Kamati iliazimia kwa kauli moja kwamba sakafu imekauka, kuanzia saa nne na dakika arobaini. Azimio likatiwa sahihi, likapigwa muhuri juu ya mgongo wa Katibu, na nakala ikapitishwa dirishani kwa fundi.

"Mheshimiwa, dawa haijui kusoma," Mama Msasa alisema.

"Ndiyo maana tumepiga muhuri."

Wakaondoka kwa mstari, kwa mpangilio wa vyeo. Hatua ya tano dawa ikamng'ang'ania Mwenyekiti kiatu cha kushoto, ya sita cha kulia. Katibu aliacha kimoja, Mjumbe kimoja. Walifika mlangoni na soksi zilizonyooka kama ulimi wa mbwa. Mama Msasa, akichungulia dirishani, alihisi machozi yakimjaa. Siku tatu za mgongo wake, na barua ndiyo hiyo imekwenda.

Saa tano kamili akafika mlangoni Mkurugenzi Mkuu, mama mfupi mwenye miwani mizito.

"Fundi huyu ametuharibia sakafu," Mwenyekiti akawahi kusema.

Mama Msasa akazunguka nje mpaka mlangoni, akampa mama yule nakala ya azimio. Mkurugenzi Mkuu akalisoma mara mbili, akamgeukia Mwenyekiti.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Sakafu ilikuwa imekauka?"

Mwenyekiti akapiga hesabu: akisema ilikuwa mbichi, ameghushi hati ya serikali. "Ilikuwa imekauka kabisa."

"Na sakafu iliyokauka haishiki kiatu."

"Haishiki."

"Basi vile viatu vinne kule katikati ni nini?"

"Ni mapambo," Mwenyekiti akasema.

Mkurugenzi Mkuu akaagiza mapambo hayo yaingizwe kwenye daftari la mali za serikali na yapewe namba. Kisha akaitia sahihi Barua ya Kuridhika hapo hapo, akiitegemeza kwenye mgongo wa Mwenyekiti.

Miezi miwili baadaye Mama Msasa alikuja kusaga veranda ya Idara. Mwenyekiti akamfuata, kandambili zikimlia miguuni.

"Dada yangu, huwezi kupitisha mashine kidogo tu kule ukumbini, vile viatu vyetu vikang'oka?"

Mama Msasa alimwonea huruma, kusema kweli. "Naweza, mheshimiwa. Ila ni mali ya serikali. Niletee kibali cha Kamati."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Ombi alishalipeleka kwenye Kamati mara nne. Lakini kanuni inamtaka mjumbe mwenye maslahi binafsi atoke nje ya kikao, na kila likifikiwa wanatoka wote watatu, wanasimama kwenye korido, wakisubiri kuitwa.