Simu Iliyomeza Barua ya Elyor

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Simu, Toshkent.

Mheshimiwa,

Na si hayo tu niliyokueleza jana kabla laini haijakatika. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwa mume wangu Elyor, na habari za Elyor hazikatwi katikati. Tumeoana majuzi hapa Margilan. Anafuma hariri, na akicheka hata kitanda cha kufumia husimama kumsikiliza. Nikimtaja nasahau nilichokuja kusema. Haya, nimekumbuka.

1. Elyor ananiandikia barua ya mapenzi ndani ya simu yenu. Kwa mdomo anaona haya. Mbele ya mama yake huniita "wewe hapo". Basi kila jioni tukishakula hukaa chini ya mizabibu, akaandika kidogo, akaiacha wazi ili aendelee kesho. Kesho yake programu inaanza upya, ukurasa mweupe! Si mara moja, si mbili. Mpaka leo sijasoma hata neno.

2. Kijitabu chenu nimekisoma. Mnasema simu ina ghala, ambako programu hulala hata simu ikizimwa. Tena ina kumbukumbu ya kazi, ambayo naiona kama kitambaa cha chakula: kilichotandazwa hapo ndicho kinacholiwa sasa, na kitambaa kikijaa, sahani isiyoguswa kwa muda mrefu huondolewa. Mheshimiwa, nani aliwalea? Kwetu mgeni hutiliwa chai kidogo bakulini, ili aongezewe tena na tena. Akijaziwa, ameambiwa aende zake. Simu yenu inamfukuza mume wangu kabla hajashiba.

3. Msiseme hatuitunzi. Mimi ndiye bi harusi wa nyumba hii, naamka kabla ya wote nikafagia uwanja, kama ada. Nikimaliza, namfagilia Elyor na simu: kila programu iliyobaki wazi naisukuma juu, fyu, mpaka haibaki hata moja. Wifi yangu Zebo hunicheka: "Bi harusi, wewe utafagia hadi mwezini!" Sasa simu safi namna hii ina sababu gani ya kusahau?

4. Nimeanza kuishuku simu yenyewe. Inashinda mfukoni mwa Elyor, karibu na moyo. Ina wivu.

5. Kwa hiyo naomba kila simu nchini itengewe nafasi ya mke, isiyoondolewa hata kitambaa kikijaa. Wake wapya tupewe mbili. Na mhandisi aliyebuni huku kusahau aje Margilan ampigie Elyor magoti, mama mkwe akishuhudia.

Nisalimie wahandisi, wake zao, na mlinzi wa getini.

Mimi, mwenye uchungu na furaha nyingi,
Munisa, mke wa Elyor (napenda sana kuliandika hilo)

N.B. Bahasha nimeshanunua, kwa hiyo natuma tu. Nilimsomea mama mkwe barua hii. Yeye hucheza mchezo wa kupanga matunda simuni, na ole wake atakayeufunga. Nilipofika namba tatu, akaangusha kijiko. "We bi harusi! Mimi nilikwambia ufagie uwanja. Simu nani alikutuma? Mwanangu hajaihifadhi barua, wewe unaimwaga na takataka!"

Nikalia. Kumbe Elyor alikuwa mlangoni, anasikia yote. Akawa mwekundu kama komamanga, kisha palepale, mbele ya mama yake, akaisema barua nzima kutoka kichwani, na hakuruka neno. Haikuanza kwa "wewe hapo".

Mwambieni mhandisi ainuke. Lakini kuja tutakuja, mimi na Elyor, kabla ya mwezi huu kuisha, tuwaletee mkate na matikiti tuombe radhi. Nanyi mtutilie chai kidogo kidogo.