Spika Zinapasuka, Baraza Linahama

Jumatatu, 3 Juni.
Mshtuko! Spika za kompyuta yangu zimeanza kupasuka. Pwa! Pwa! Katikati ya taarabu, baraza zima limetulia na kahawa mkononi. Mzee Uwesu kajimwagia kahawa kwenye kanzu. Mimi, mtu wa kwanza mtaa huu wa Kariakoo kupigia wazee muziki kwa kompyuta! Zahoro wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti kwamba Mnyamwezi anakaanga bisi. Zahoro ni Mzaramo, mtani wangu. Mtani hakasirikiwi. Nikakenua tu. Mara simu yangu ikaita na kukatika. Zahoro huyo huyo, anabipu. Hana salio, hana adabu.

Jumanne, 4 Juni.
Nimefungua spika mwenyewe. Nimuite fundi wa nini? Mwaka wa sabini na nane nilitengeneza redio ya mjumbe kwa kijiko. Nikapaka nyaya mafuta ya taa. Nikasahau kuchomoa umeme. Lahaula! Nimerushwa hadi kwenye beseni la nguo la mke wangu Sabaha. Akauliza kama natafuta ubovu au kaburi. Spika: pwa! Kisha Zahoro akabipu. Nikazizika kwenye gunia la mchele, maana simu ya Sabaha ilipoingia maji iliponea humo.

Alhamisi, 6 Juni.
Nimezifukua. Pwa! Na wali wa leo unanuka mafuta ya taa. Wazee wawili wamehamia kwa Zahoro. Uwesu kanipasulia: Jumapili zikipasuka tena, baraza lote linahama, na uenyekiti wangu basi. Miaka ishirini na miwili! Nikakae pembeni kwa Zahoro kama mgeni?

Ijumaa, 7 Juni.
Nimemeza kiburi, nimemwita Candida, fundi kompyuta wa ghorofa ya pili. Shikamoo babu. Marahaba, usiguse kitu. Hakugusa. Aliitazama tu simu yangu ya kitochi, ambayo hukaa juu ya spika kwa kuwa hapo ndipo mtandao unashika. Akasema simu ikikaribia kuita, spika inanasa mawimbi yake kwanza na kupasuka. Niiweke mbali. Eti Mzee Zahoro keshajua, ndiyo maana anabipu huku anajishika mbavu. Nimeduwaa! Mtu kasoma mpaka chuo, anaisingizia simu!

Jumapili, 9 Juni.
Nimefukiza spika ubani. Wazee wamejaa. Wimbo ukatoka safi! Nikasimama kujisifu. Pwa-pwa-pwa! Simu ikaita, ikakatika. Uwesu akanyanyuka, wote wakafuata. Zahoro akavuka barabara, akajitwika benchi langu kichwani, akasema anachukua haki ya mtani. Na kweli ni haki yake! Nimebaki nimesimama, sina pa kukalia.

Alasiri nimegundua ubovu. Spika moja imebeba simu, mwenzake haina kitu. Zitaelewanaje? Nimeazima simu ya Sabaha, nimeiweka juu ya ile ya pili. Sasa uzito uko sawa. Candida akija kujifunza, nitamfundisha.