Karai la Akina Mama

Jumatatu, 9 Juni 2008

Wiki ya sita bila Raheli. Chai bila sukari. Imeisha na sijui huwa anainunua wapi. Amepiga simu kutoka Dodoma, alikopelekwa kozi ya uuguzi. Wamempa nafasi ya kubaki hukohuko, kazi ya kudumu. Anatakiwa kujibu Jumatatu ijayo. Nikasema hapana, namhitaji. Akasema kwenye simu mimi ni mwongo hodari. Anataka kuniona usoni nikisema namhitaji. Jumapili saa kumi jioni atakaa kwenye kafe ya intaneti yenye kamera. Mimi nitafute yangu.

Kafe yetu ya mjini haina kamera, ila wasikilizaji inao. Kamera ninayo, ya mpango mwingine uliokufa. Intaneti anayo Mohamedraza mwenye duka, nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Shangani yetu ya kusini. Tumepatana: mimi nimfundishe mwanawe Umair jiografia, yeye anipe neno la siri la intaneti yake isiyo na waya. Akasema tena, Mwalimu Andrea, kwa nini nihangaike, Jumapili nije nikae sebuleni kwake, mkewe Shirin atatengeneza chai. Nikakataa kwa heshima. Nimbembeleze mke wangu mbele ya sambusa za watu? Thubutu!

Jumanne, 10 Juni

Kompyuta haioni kitu. Katikati yetu kuna nyumba ya Mzee Omari, kuta nene za mawe. Nimezunguka na kompyuta uani, chooni, mpaka juu ya tangi la maji. Wapi!

Gazeti moja la zamani linasema chombo cha chuma chenye tumbo hukusanya mawimbi. Nikawaza. Nikaingia stoo.

Raheli ndiye mtunza vyombo wa akina mama wa mtaa: masufuria, masinia na karai kubwa, vya shughuli na misiba. Alipoondoka aliniachia ufunguo na neno moja: nisiguse. Lakini karai lile! Tumbo kama limezaliwa kwa kazi hii.

Jumatano, 11 Juni

Nimelipeleka kwa Emmanueli, fundi wa vyuma. Nikamwomba atoboe tundu katikati, la kupenyeza kidude cha kunasa mawimbi, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta. Akauliza karai la nani. Nikasema langu. Akatoboa huku ananitazama mimi badala ya karai.

Limekaa juu ya paa, limeelekea kwa Mohamedraza. Kwenye kompyuta, vijiti vinne vya mawimbi kati ya vitano! Nimecheza peke yangu sebuleni. Bi Mwajuma, mwenyekiti wa akina mama, akapita akauliza nimeanika nini kule juu. Nikasema dishi la runinga. Akasema mbona lina masizi. Nikasema ndilo la kisasa.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Omari amefariki alfajiri. Maskini mzee wa watu. Jana tu alinifokea nishuke kwenye paa, nisije nikaanguka akalazimika kuchangia jeneza. Nimelia, kweli nimelia. Kisha nikakumbuka. Msiba. Vyombo. Karai!

Nilishuka nalo kabla Bi Mwajuma hajapiga hodi. Tundu la kidole gumba linanitazama. Nikawakumbuka madereva wa malori ya korosho: tangi la mafuta likitoboka wanaziba kwa sabuni ya mche, na Dar es Salaam wanafika. Nikaziba. Nikapaka masizi juu. Nikamkabidhi pamoja na pole za msiba.

Jumamosi, 14 Juni

Sabuni huvumilia mafuta ya baridi tu. Madereva hawakuniambia hilo.

Asubuhi yalipikwa maandazi ya waliolala msibani. Mafuta yalipochemka, povu likapanda. Kisha tundu likafunguka, mafuta yakamwagikia kuni, moto ukaruka mpaka kwenye pindo la kanga ya Bi Mwajuma. Hakuungua, namshukuru Mungu. Lakini maandazi ya kwanza yalishafika barazani. Wazee waliyala kimya, kwa adabu ya msiba. Mtoto wa marehemu akaniuliza taratibu kama kwetu Njombe ndivyo yanavyopikwa, kwa sabuni. Nilitamani nichimbiwe shimo la pili.

Bi Mwajuma akalinyanyua karai, akalitazama jua kupitia tundu. Kisha akanitazama mimi kupitia tundu lilelile.

Jumapili, 15 Juni

Bila karai hakuna mawimbi. Saa kumi kasoro robo nikapiga hodi kwa Mohamedraza, kamera mkononi. Chai ikaja. Sambusa zikaja.

Raheli akatokea. Amekonda, au ile kafe ina giza. Maneno niliyoyaandaa wiki nzima nikayaacha. Nikasema tu kwamba namhitaji, nyumba imenishinda. Sijawahi kumwambia kitu cha kweli kama hicho. Macho yake yakalainika. Akauliza vyombo vya akina mama viko salama? Nikasema viko stoo, havijaguswa, hata vumbi havina.

Akanitazama bila kupepesa. Nikadhani intaneti imekatika. Akasema Bi Mwajuma alimpigia jana, amemweleza yote. Yeye alitaka tu kuuona uso wangu nikimjibu. Sasa ameuona. Shirin akaondoa sahani polepole.

Jumanne, 17 Juni

Raheli ametia sahihi jana. Dodoma.

Akina mama wamekuja na mkokoteni, wamebeba vyombo vyote. Stoo tupu. Nimeketi mlangoni pake nusu saa nzima bila sababu. Mohamedraza amesema mlango wake uko wazi kila Jumapili. Mtu mwema, ila mambo haya hayajui. Nimefikiri sana: kosa lilikuwa sebule ya watu. Ningekuwa kwangu, peke yangu, ningejibu vizuri zaidi.

Chombo kimoja wamekiacha kwa kuwa si chao. Sinia la harusi yetu. Limebonyea katikati tangu wajomba zake Raheli walipolikalia siku ile. Bonyeo zuri sana. Emmanueli atanitobolea kesho. Aliuliza la nani. Nikamwambia Raheli mwenyewe ameruhusu.