Wazee Ishirini na Mdhamini Mmoja

Jumatatu, 14 Julai
Hospitali imekubali! Jumamosi wazee ishirini wa Magomeni watatolewa mtoto wa jicho. Sharti moja tu: kikundi chetu kilete kampuni ya kudhamini lenzi na usafiri. Mwenyekiti, Bi Fortunata, akauliza nani ataenda Kariakoo kuongea na matajiri. Beno, mweka hazina, akanyoosha mkono. Mimi, katibu, nikanyoosha miwili. Nikapewa.
Shangazi Paskalina yumo kwenye hao ishirini. Naishi naye. Asubuhi ameukaribisha chai mtungi wa gesi, akidhani ni mimi. Lazima nifanikiwe.

Jumanne, 15 Julai
Nimeenda kwa Mzee Elimringi, muuza magodoro ya jumla. Shikamoo. Marahaba. Nikampa barua: “Naomba uwe mdhamini wangu.” Fupi, nzito, ina mhuri.
Akavua miwani. “Mko kituo gani?”
Nikamwambia Magomeni, kituo cha afya kikiwa jirani tu. Akauliza tuko wangapi. Ishirini, wote wazee.
“Wazee ishirini! Wanatoka lini?”
“Wanaingia Jumamosi, Mungu akipenda Jumapili wanatoka.”
Akasema aliwahi kumdhamini binamu yake, binamu akatorokea Moshi, yeye akabaki anapanda ngazi za mahakama. Akanionyesha mlango. Binamu anahusikaje na macho? Nimetembea mpaka Mchafukoge nikiwaza.

Jumatano, 16 Julai
Kariakoo nzima inanipa pole ya kesi. Hata muuza kahawa! Kesi gani?
Beno amecheka mpaka akakaa chini. Eti mdhamini pia ni yule anayekutoa rumande. Akanishauri niseme shida yetu kwa maneno mepesi. Wivu huo. Matajiri hawataki wepesi, wanataka mkakati. Nimekesha nao kichwani. Kampuni hutoa ili ionekane. Basi ionekane!

Alhamisi, 17 Julai
Nimeenda kwa Bi Salma, muuza mapazia, duka lake linatazamana na la Mzee Elimringi. Sikutaja neno mdhamini hata mara moja. Nikamwambia kila mzee atafungwa bandeji jichoni, na kwenye kila bandeji tutachapa jina la duka lake. Matangazo ishirini yanayotembea!
Akaangalia dari. Nikadhani anapiga hesabu ya faida.
“Polycarp, niandike jina langu kwenye jicho la mama wa mtu?”
Nikamsahihisha: mmojawapo ni shangazi. Akaniambia kesho nimlete huyo shangazi, na mimi nifunge mdomo.
Nimeelewa nusu. Anataka kupima ukubwa wa bandeji?

Ijumaa, 18 Julai
Shangazi alikuwa fundi cherehani miaka thelathini. Kufika tu dukani akapapasa pazia. “Hili pindo limekwenda upande, mama.” Bi Salma akalitazama. Kweli! Akamwita muuzaji wake naye aone. Wakaanza kucheka na kuongea vitambaa, mimi nimesimama kama kiti.
Mzee Elimringi akaniona, akavuka barabara kuja kumwonya Bi Salma kwamba mimi ni mtuhumiwa. Shangazi akageukia sauti yake.
“Mtuhumiwa wapi, baba? Sisi ni wazee, hatuoni. Tunaomba mtusaidie tuone.”
Maneno saba au nane, hayana mhuri wala kichwa cha habari. Mzee akakaa kwenye robota la kitambaa. Akanigeukia. “Sasa wewe ulishindwa nini kusema hivyo?”
Bi Salma analipia lenzi. Mzee anatoa mabasi mawili. Nikasema asante. Wote wawili wakaniomba nisiongeze neno.

Jumapili, 20 Julai
Wamefunguliwa bandeji. Shangazi aliangalia dirisha, akaangalia viganja vyake, mbele na nyuma. Kisha akaniangalia mimi.
“Polycarp mwanangu. Umepata mvi.”
Akanishika kidevu, akalia. Na mimi nikalia, sijui kwa sababu ya mvi au nini. Beno alikuwa anatutazama, nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 21 Julai
Bi Fortunata ametoa habari: kampuni ya maji ya chupa imesikia, inataka kukutana nasi Alhamisi saa nne kuhusu wazee wengine thelathini. Imeomba aende Shangazi. Peke yake. Mimi nipumzike, akasisitiza mara mbili.
Nimetafakari jioni nzima. Kwa nini kampuni kubwa inamkwepa katibu? Nimegundua. Wananiogopa! Wamesikia mikakati yangu Kariakoo, wanajua nikiingia hawatoki.
Shangazi anafika saa nne. Mimi nitafika saa moja, niwaandae kwanza. Beno ameniazima suti, akaniuliza naenda harusi ya nani.
Nimemjibu atajua Alhamisi.